Mgongoni mwa Baba Mkwe

Wenzangu wa tawi walijitolea kwenye kampeni kwa ajili ya elimu. Mimi nilijitolea ili mtu mmoja aanguke, na aanguke mchana, watu wakitazama. Nasema mapema ili mtu asije akanisifu bure.

Napika uji katika shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda, na niko katika chama kimoja cha wafanyakazi pamoja na walimu. Nilizaliwa Petta, huko Tororo, nikasoma mpaka sekondari, nikaolewa huku kwa Wasamia. Mtu niliyemtaka aanguke alikuwa mwenyekiti wa kijiji, tena baba mdogo wa mume wangu. Kwa mila ya hapa, huyo ni baba mkwe kamili.

Alichofanya ni hiki. Alichukua chumba cha darasa la kwanza akakifanya stoo ya saruji yake iliyokuwa ikingoja kuvushwa mpaka. Kwenye kamati ya shule yumo yeye, nani angempinga? Watoto wakahamishiwa barazani, wakasomea hapo msimu mzima wa mvua, mgongo ukutani, miguu kwenye matope. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Alianza na kikohozi, kikashuka kifuani, mbavu zikawa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Tulilazwa Tororo, yeye kitandani, mimi sakafuni. Daktari alisema nimonia. Mimi nilisema moyoni: hapana, hii ni saruji.

Tuliporudi nilikwenda kwa mzee. Sikwenda kugombana. Nilipiga magoti uani, mbali, kama inavyotakiwa, nikamwomba afungue darasa. Alimgeukia mke wake, nami nasikia kila neno.

"Mwambie huyo, mkwe hasimami uani kwangu kuniongelesha. Atume mume wake."

Mume wangu ni dereva wa lori. Alikuwa Mombasa. Mzee alijua.

Uchaguzi wa kijiji ulipokaribia, tawi likaamua kumuunga mkono mwalimu mstaafu, mama mjane aliyefundisha miaka mingi katika chumba kilekile. Ahadi yake ilikuwa moja: ufunguo wa darasa urudi shuleni. Katibu wetu wa tawi, naye mwalimu, akatugawia nyumba za kutembelea. Kila mtu achukue zile anazoingia bila kubisha hodi. Mimi nikapewa wake wa ukoo.

"Lakini wewe mama, kisasi chako kiache hapa jikoni," katibu akaniambia. "Huko tunaongea habari za watoto."

"Kwani madamu, wangu si mtoto?"

"Ndiyo maana nakuambia. Ukimtukana mzee, umetuangusha wote."

Sikumtukana. Nilimenya mihogo ya watu, nikapepeta mtama wa watu, na kila jikoni nikauliza swali moja: mvua ikinyesha, mtoto wako anasomea wapi? Wote walijua. Wote walikuwa na uchungu. Shida ilikuwa kwamba kura yetu ya kijiji haina karatasi. Mgombea anasimama mbele, watu wanapanga mstari nyuma yake, vichwa vinahesabiwa, na kila jicho linakuona umesimama wapi.

"Mume wangu atakuwa palepale," mke mmoja akaniambia akisonga posho, ugali wetu wa mahindi. "Nikipanga kwa mwalimu, jioni nakwenda lala wapi? Kwenu Petta?"

"Petta nafasi iko."

Tukacheka, lakini kabla sufuria haijaepuliwa kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikatoka masikio yakiniwaka. Nilikuwa nimefika kwenye uzio wa minyaa nilipolikumbuka neno la mzee, lile la mkwe na ua wake. Nikarudi mbio.

"Dada, hebu niambie. Unaweza kusimama mgongoni mwa baba mkwe, matiti yako yanakaribia kumgusa, watu wote wanaangalia?"

Akashika kinywa. "We! Aibu hiyo!"

"Basi hilo ndilo jibu la kumpa mume wako. Nyuma ya mwalimu, mwanamke mwenzetu, hakuna mwiko."

Nikalipeleka jibu hilo jiko kwa jiko. Katibu sikumwambia.

Siku ya kupanga mistari, mzee alisimama mbele na koti lake la kahawia. Wanaume wa ukoo wakajipanga nyuma yake. Sisi wake tukabaki pembeni mwa uwanja, mikono kifuani.

"Nyie mama, mnakwenda mstari gani?" msimamizi akauliza.

"Ingieni kwa mzee! Mnangoja nini?" akafoka shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Nikasogea hatua mbili, nikapiga magoti, macho chini. "Shemeji, huyo ni baba mkwe. Hata uani kwake nimekatazwa kusimama. Leo nikampumulie kisogoni?"

"Si mkae mwisho wa mstari!"

"Mwisho wamesimama baba zako wengine wawili," yule wa posho akadakia. "Tumpumulie yupi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi mmoja wa ukoo, mkali wa mila kuliko wote, akapaza sauti: "Waacheni! Si mliwafunza wenyewe?"

Mzee akafungua mdomo. Angesema nini? Awaite wakwe zake wamsogelee? Akaufunga. Nilimwangalia akiufunga, na mpaka leo nikipika uji nakumbuka ule mdomo, napata raha. Wake wa ukoo wakapita mbele yangu, wakaenda kusimama nyuma ya mwalimu. Hesabu haikurudiwa.

Katibu hakufurahi kama nilivyodhani.

"Tumepata darasa," alisema, "lakini siku mmoja wa wale wanawake akiwa na shida na baba mkwe wake, watamziba mdomo kwa maneno yako."

Alisema kweli. Ningerudishwa siku ile, ningefanya vilevile.

Saruji ilihamishwa wiki hiyohiyo. Binti yangu anakaa dawati la pili, pakavu, ila akikimbia kidogo anasimama kutafuta pumzi. Mume wangu alirudi akaninunia siku nne. Ukoo umetuma watu mara mbili: nimpelekee mzee kuku, niombe radhi, yaishe. Nimewajibu kwamba kuku wangu anataga, na mayai anakula mtoto.