Gari Jekundu la Apaloreng

Kibanda cha mabati ambacho baba alilijengea gari lake pale Nawoitorong bado kimesimama, ila siku hizi humo wanalala mbuzi wa jirani. Nilikiona wiki iliyopita nilipokwenda Lodwar kufungasha vitu vya marehemu. Nilikwenda kwa basi, juu ya lami, na Lokichar niliipita nikisinzia, jambo ambalo zamani lisingewezekana hata kwa mlevi. Niliinama mlangoni nikanusa. Mavi ya mbuzi, basi. Nilichotamani ni harufu ya petroli na viti vya plastiki vilivyopigwa na jua, na haikuwepo.

Acha nikueleze, maana wewe utanielewa. Mwaka 2012 nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na tuliishi watatu: bibi, baba na mimi. Baba alikuwa dereva wa ofisi. Juma zima aliendesha gari la watu, jipya, lenye kiyoyozi, wala hakulipenda hata kidogo. Alilolipenda ni Corolla kuukuu aliyoinunua Kitale, nyekundu, iliyonizidi umri mara mbili, ikaja nyumbani juu ya lori. Bibi alipoiona aliuliza kama imeletwa kuzikwa.

Ilifufuliwa Kakuma. Kule kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na fundi wa Sudan Kusini, Mdinka mrefu aliyefika akiwa mtoto na kukulia humo, na ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa baba: magari ya Kijapani ya zamani, yale ambayo ukifungua boneti unaona ardhi chini. Kila Jumamosi tulikwenda kwake. Waliinua gari kwa springi za Peugeot lisisuguane na mchanga wa laga, ile mito mikavu. Waliling'oa rejeta lake dogo wakaweka la pikapu. Kazi yangu ilikuwa kitambaa. Kwa joto lile petroli ilichemka ndani ya pampu na gari likazima, kwa hiyo tulifunga kitambaa kibichi juu ya pampu, na kila tuliposimama nilikimbia na kibuyu kukilowesha. Nilijiona fundi kamili. Mchana tulikula asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia kutoka sinia moja, mikono yetu ikinuka grisi, na chai ilikuwa na sukari ya kuunganisha meno.

Lazima nikwambie jambo moja kuhusu watu wetu. Mwanamume wa Kiturkana ana dume lake la ng'ombe, hulichonga pembe zipinde anavyotaka, hulivika kengele, huliimbia, na wenzake humwita kwa rangi ya dume hilo. Ng'ombe wa babu waliibwa wote kule Lokiriama kabla baba hajabalehe, hivyo hakupata dume la kuimbia. Fundi alipolisikia hilo aliweka spana chini. Kumbe Wadinka nao ni vivyo hivyo, na yeye pia alikimbia vita kabla ya kupewa lake. Jumamosi iliyofuata alifunga kengele ya ng'ombe mbele ya gari, chini ya grili, na kuanzia siku hiyo akamwita baba Apaloreng, baba wa ule mwekundu. Baba aliimba njia nzima kurudi Lodwar. Sauti yake ilikuwa mbaya, nami niliipenda kupita kiasi. Hata bibi alikubali yaishe, akaipaka boneti mafuta ya kondoo na kuitemea tumbaku ili iwe na baraka.

Sasa, ukiwa na rafiki wa namna hiyo, rafiki wa kupeana mifugo, akikuomba mnyama humnyimi. Hata akitaka lile dume lenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2013 fundi alikuja Nawoitorong mwenyewe. Alikaa, akanywa maji, akasalimia ejok mara tatu, ndipo akasema. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Bor, na alikuwa hajamwona tangu utotoni.

"Apaloreng, mimi naomba ile gari. Nalete mama hospitali ya hapa Kenya. Krismasi narudisha gari."

"Chukua," baba alisema. Hakumaliza hata kutafuna.

Nililia kwa hasira. Nilimchukia fundi kwa siku mbili nzima, mimi niliyekula naye sinia moja. Asubuhi ya safari, walipokuwa wakiaga, niliingia garini na kutoa mkanda wa feni wa akiba ambao baba aliuweka siku zote chini ya kiti cha mbele. Mikanda ilikatika ovyo kwenye joto lile. Nilipiga hesabu zangu za kitoto: utakatika kabla ya Lokichoggio, atakosa mwingine, atageuza, na gari letu litarudi. Nikauficha chini ya gunia la makaa la bibi. Fundi aliniwekea mkono kichwani, akaondoka, kengele ikilia mpaka ikapotea.

Hakugeuza. Baada ya siku chache vita vilianza Juba, vikafika Bor. Krismasi ilipita. Kakuma ikaanza kujaa watu upya, na baba alikwenda kila juma kusimama mahali walipopokelewa, akiuliza habari za gari jekundu lenye kengele. Januari makaa yaliisha. Bibi alikung'uta gunia, akautoa mkanda, akamwekea baba mbele yake.

"Ni wewe ulitoa?" baba aliniuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali. Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliuzungusha mkanda mkononi mpaka chai yake ikapoa.

Februari mama wa fundi alifika Kakuma juu ya lori, peke yake, amekonda. Tulikwenda kumwona. Jirani yake alitafsiri kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Anasema kijana alipiga simu kutoka Torit. Gari ilisimama, mkanda ilikatika. Alisema rafiki yake aliweka ingine chini ya kiti, anatafuta tu. Alikaa huko siku nne kungoja ingine. Halafu aliingia Juba siku ile ile ya risasi. Simu haikushika tena."

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, na baba akaniwahi.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Mimi nilisahau kuiweka."

Jirani akatafsiri. Yule mama akaweka kikombe chini bila kukimaliza, akageuza uso.

Baba hakumiliki gari tena. Kila mwezi alimpelekea mama yule sukari na samaki wakavu wa ziwani, na kila mwezi mama alipokea bila kumtazama, mpaka mama huyo alipofariki. Hakuna aliyemwita baba Apaloreng baada ya hapo. Nilikuwa na miaka mingi ya kwenda Kakuma kusema ukweli, safari ya asubuhi moja tu, na sikwenda. Juma lililopita nimemzika baba, naye bado ndiye aliyesahau.