Kamba za Meli ya Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alivunjika paja kwenye gati la Gisenyi, mchana, mbele ya watu wengi. Alikuwa baharia wa meli ya mizigo iliyozunguka Ziwa Kivu, leo iko Kibuye, kesho Bukavu, kisha inarudi kwetu. Siku hiyo ziwa lilichafuka. Alikuwa ameshusha mguu mmoja ili aruke na kamba ya kufungia meli, na mawimbi yakaisukuma meli kabla hajaruka. Mguu ukabanwa kati ya chuma na mawe. Alikaa hospitali wiki tatu, halafu wenzake wakamleta nyumbani kwa machela, mguu wote kuanzia kiunoni hadi kisigino umefungwa platri, ile chokaa nyeupe ngumu ya kushikia mifupa.

Ilikuwa miaka ya hamsini inaelekea mwisho wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeposwa. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka karibu na soko, katika mtaa wetu wa Waislamu. Mimi nilifanya kazi za mkono nyumbani: vifungo, pindo, na nakshi za kofia. Kaka akawekewa kitanda katika chumba cha mbele kwa sababu ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa. Ndicho pia kilichokuwa na meza yangu ya kukatia nguo.

Nilimwita yaya, maana upande wetu neno hilo ni la heshima kwa ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke.

Fundi wa injini wa ile meli, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, alikuja kumwona mara moja tu. Hakukaa. Aliacha boksi mezani, akasema dada yake alimtumia kutoka Ulaya, lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa kazi hiyo. Juu ya boksi palichorwa meli ya zamani yenye milingoti mitatu na matanga mengi kama nguo zilizoanikwa. Ndani tulikuta vipande vidogo vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti, tyubu ya gundi, na karatasi yenye picha zilizopewa namba. Maneno yake hakuna aliyeyajua. Plastiki yenyewe ilikuwa kitu kigeni kwetu. Majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa walikuwa wakiigonga kwa kucha, wakaulizana kama ni pembe ya ng'ombe.

Nilidhani ataiacha. Alikuwa mtu wa kubeba magunia ya kahawa, mtu wa kucheka kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Lakini siku ya pili aliomba kisu kidogo na unyoya wa kuku. Alikata kipande kimoja kimoja kutoka kwenye kijiti chake, akasugua kovu la pale kilipokatwa kwa jiwe laini, akapaka gundi kwa ncha ya unyoya. Baba alimtengenezea ubao wa kuweka kifuani. Kila kipande kilichoshikana alikiacha mezani kikauke, na hivyo meli ikajijenga katika nusu ya meza yangu: kwanza tumbo, kisha sitaha, kisha mizinga midogo kama punje za mtama, mwishowe milingoti.

Kazi ya gundi ilipoisha, zikabaki kamba. Hapo ndipo alipohitaji mkono wangu. Nyuzi zilizokuja na boksi zilikuwa zimeoza, kwa hiyo nilimpa uzi mweusi wa baba, ule tunaoshonea makoti. Nilimfundisha kuupitisha kwenye nta ili manyoya yake yalale. Nyuzi nyingine tulizichemsha kwenye majani ya chai zikawa kahawia. Yeye naye alinieleza kila kamba ina kazi gani: hii inauzuia mlingoti usianguke nyuma, hii inageuza mti uliokingama wa kuning'inizia tanga. Kwenye meli yake ya injini hapakuwa na tanga hata moja, lakini aliyaelewa yote kwa kutazama picha tu. Alinionya kwamba milingoti ile ya plastiki hupinda upesi. Ukivuta uzi upande mmoja, lazima uvute na wa pili, polepole, kwa zamu.

Alikuwa akifunga kamba moja kwa siku. Baada ya sala ya adhuhuri, mwanga ulipokuwa mzuri, aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Alifunga fundo, akalikagua, wakati mwingine akalifungua na kulirudia. Kisha basi, mpaka kesho. Mwanzoni nilipenda saa ile. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuzungumza alipokuwa mzima, maana alipokuwa mzima hakuwa akikaa.

Halafu kitambaa cha harusi kikaja. Mchumba wangu alitoka familia ya wachukuzi huko Goma, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu tu. Shangazi zake walileta hariri nyeupe iliyonunuliwa Bujumbura, wakanipa mwezi mmoja niwe nimeishona. Kitambaa kama kile hakikatwi sakafuni wala juu ya kitanda. Kilitaka meza nzima, tupu na safi. Na nusu ya meza yangu ilikuwa na meli.

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwomba tuihamishe juu ya kabati, niishushe kila adhuhuri. Lakini nyuzi zilizokuwa hazijakazwa zilikuwa zikining'inia, na alikuwa ameshatuambia sote tusiiguse mpaka iishe. Nikaanza kumchukia kidogo kidogo kwa ile kamba moja ya kila siku. Nilimwona mvivu. Nilijiambia, mimi kamba tano ningezifunga kabla ya chai kupoa.

Miezi mitatu ilipotimia alipelekwa hospitali akafunguliwe platri, na baba akaenda naye. Walikuwa walale huko. Asubuhi ile nilisimama mbele ya meza na hariri mkononi. Nilifunga kamba moja, nikijiambia ni ile ya siku ile, asije akapitwa. Fundo lilikaa vizuri, dogo, bapa. Nikafunga ya pili. Baada ya hapo sikuinua kichwa. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea uzi tangu nikiwa na miaka saba, na nilifurahi kuona vinavyokimbia kumpita yeye. Hilo silisemi kwa urahisi. Nilifurahi.

Alasiri meli ilikuwa imekamilika, milingoti imenyooka, kamba zimekaza. Mama aliingia kutoka uani, akasimama akaitazama, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema nina moyo wa huruma, nimemmalizia ndugu yangu kazi iliyomshinda. Aliwaita majirani wawili waje waone, na nao wakasema mchumba wangu amepata mke. Nilisikia yote hayo na sikumsahihisha mtu. Walipotoka nilipandisha meli juu ya kabati, nikafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, nikaitandaza hariri.

Wakarudi kesho yake mchana. Kaka aliwekwa kitandani na platri mpya, nyeupe kuliko ya kwanza. Aliangalia meza, akaona nguo yangu imeshakatwa vipande. Kisha akatafuta kwa macho mpaka akaiona meli juu ya kabati.

"Ni nani alimaliza?" akauliza.

"Ni mi, yaya."

Aliomba nimshushie. Aliigeuza taratibu, akapitisha kidole juu ya kamba zangu bila kuzigusa. "Ni muzuri," akasema. "Mafundo yako iko madogo kupita yangu." Kisha akauliza: "Unajua zilikuwa zimebaki ngapi?"

Sikujua. Sikuhesabu.

"Makumi tatu na munane. Mi nilikuwa nahesabu."

Baba ndiye aliyetupa habari, uani, akiwa bado hajavua viatu. Daktari alikuwa amesema mfupa haujashika sawa. Waliuvunja tena, wakaunyoosha, wakaufunga. Miezi mitatu mingine kitandani, pengine minne. Na akiinuka mguu utakuwa mfupi, kwa hiyo meli za ziwani asizifikirie tena. Baba alisema kaka alikuwa amelipokea vizuri. Njiani kote alizungumzia kamba zilizobaki, kwamba akijibana, kamba moja kwa siku, zitamvusha zaidi ya mwezi mmoja, na baadaye ataona la kufanya.

Nilirudi chumbani na mkasi. Nilimwambia nitazikata zote sasa hivi, mbele yake, aanze upya pale alipoachia. Nilikuwa nikilia. Alinitoa mkasi mkononi kwa upole, akauweka upande wa ukutani.

"Wacha," akasema. "Mwanzo ilikuwa kazi. Nikiifungua sasa, itakuwa muchezo tu."

Hakuitisha tena ubao wake wala kisu. Adhuhuri zikapita. Niliwahi kumletea sindano iliyotungwa uzi, pamoja na kofia ya kushona nakshi, akaniambia ana usingizi. Alilala ameelekea ukuta, ndevu zikamjaa. Wenzake wa melini walipokuja aliwajibu kwa maneno mawili matatu, nao wakapunguza kuja. Mimi nilishona harusi yangu katika chumba kilekile, hatua mbili kutoka mgongoni kwake, na kila nilipochana hariri nilihisi sauti ile inamfikia.

Siku moja mama alimletea uji, akakuta hajala wa asubuhi. Akachoka, akamgombeza. Alimwambia kwamba tangu siku aliyomaliziwa meli yake hajasema hata asante. Alisema dada yake alijitoa siku nzima kwa ajili yake, ilhali ana harusi ya kushughulikia, na yeye anamlipa kwa kununa kama mtoto. Alisema hakumzaa mtu asiye na shukrani.

Nilikuwa mezani, natia pini kwenye mkono wa nguo. Neno moja tu lingetosha: kwamba sikufanya vile kwa ajili yake. Nilitia pini, nikatia nyingine. Kaka aligeuka kitandani. Kisha nikasikia anamwambia mama, "Asante nilimupa," akachukua bakuli la uji, akanywa wote.

Niliolewa mwezi uliofuata. Watu waliisifia nguo.

Nikiwa Goma nilipata habari zake kupitia kwa mama, aliyekuwa akivuka mpaka kuja kunitembelea na kikapu cha viazi vya Bugeshi kichwani. Aliniambia kaka ameinuka, anatembea kwa gongo, mguu umepungua kweli. Aliniambia wamempa kazi ya kutunza ghala pale gatini, kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Na mara moja alikuja amekasirika. Kaka alikuwa amekata kamba zangu zote za ile meli, moja moja, kwa wembe. Akaipeleka hospitali na kumpa mwanamume mmoja wa Bugeshi, mchunga ng'ombe aliyeangukiwa na mti, aliyelala kule na platri ya paja. Alimpa pamoja na kibunda cha uzi mweusi na kipande cha nta, akakaa naye mchana kutwa akimwonyesha.

"Ameharibu kazi yako," mama akasema.

Nilimwambia si neno. Alipoondoka nilikaa jikoni nikashindwa kuwasha moto. Nilikuwa nimeona aibu, na pamoja na aibu palikuwa na kitu kama nafuu, nikaona aibu zaidi kwa ile nafuu. Mtu mwingine alikuwa anarekebisha nilichovunja, na huyo mtu alikuwa yuleyule niliyemkosea.

Sikumwomba msamaha kwa miaka mingi. Tulionana kwenye Idi, kwenye misiba, nilibeba watoto wake wakati tayari nilikuwa na wangu wanne. Alianza tena kucheka, ingawa si kwa sauti ile ya zamani. Kila mara nilijipanga kusema, na kila mara palikuwa na watu, au chai, au mvua.

Nilisema siku tulipomzika mama. Wageni walikuwa wameanza kutawanyika, sisi wawili tulikuwa tumekaa kwenye mkeka upande wa nyuma wa nyumba. Nilimwambia kwamba ile meli sikuimaliza kwa huruma. Nilimwambia nilitaka meza.

"Nilijua," akasema. "Nguo ilikuwa mezani. Mi sikuwa kipofu."

Nikamwambia kwamba miaka yote ile nimekuwa nikiwaza kamba zile thelathini na nane. Akatikisa kichwa. Alisema kamba ni uzi tu, uzi unakatwa, na yeye alizikata, ikaisha. Akanyoosha mguu wake mfupi kwa mikono miwili, kama alivyozoea kufanya baada ya kukaa muda mrefu.

"Ile siku mama alinigombeza," akasema, "mi nilikuangalia. Nilikuwa nangojea useme kitu. We uliangalia pini zako."

 Nilimwambia nisamehe, yaya, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya msichana. Alisema ameshasamehe zamani, tena alilisema upesi, kama mtu anayetaka kukupunguzia mzigo. Ninaamini alisema kweli. Kisha binti yake akaja kumwita, kwamba kuna wageni wa kutoka Cyanzarwe wanataka kumpa pole kabla gari lao halijaondoka, na akaniomba mkono ili ainuke.