Kujisemea Mbele ya Mama Mkwe

Sauti za kichwani zikinyamaza watu wanakupongeza kama umejifungua. Sindano ya kila mwezi ilininyamazishia zangu mwaka juzi, na majirani wote hapa Chemchem wakatangaza kwamba nimepona. Nimepona nini? Hakuna aliyeuliza kilichobaki kichwani baada ya kelele kuondoka. Umebaki ukungu. Naosha kikombe, nasahau nilikiosha ili nini. Mtu akinieleza jambo lenye vipande vitatu, cha kwanza kinanipotea kabla hajafika cha tatu. Mimi huyu, niliyemaliza kidato cha nne na kuwafundisha wenzangu hesabu!

Huo ukungu ndio ulioninyang'anya mtoto. Nilikwenda na binti yangu mtaa wa Kanyenye kununua sabuni. Nikamketisha kwenye benchi la nje ya duka, nikaingia, nikanunua, nikatoka, nikarudi nyumbani kufua. Nilikuwa naanika gauni lake ndipo nikakumbuka kwamba lile gauni lina mwenyewe. Nilimkuta palepale kwenye benchi na biskuti ya mwenye duka mkononi, halii. Angelia ningejisamehe mapema zaidi.

Wiki ile ile mama mkwe alikuja kutoka Goweko, wanakolima tumbaku. Huko ndiko alikorudi mume wangu kwa msimu mmoja, na huo msimu mpaka leo haujaisha. Akamfunga mtoto mgongoni. "Utamfuata ukiwa sawa," alisema. Sawa ya namna gani, hakusema.

Nesi wa kliniki ninakochomwa sindano ndiye pekee aliyewahi kuniuliza siku zangu zinakwendaje. Nilimweleza habari ya benchi. Akasema hiyo nayo ni skizofrenia, ugonjwa ule ule ulioniletea sauti, ila ni upande ambao sindano haiufikii vizuri, na kwamba upande huo unafanyiwa mazoezi.

"Mazoezi ya akili? Kama mpira?" nilimcheka.

"Kama mpira, dada. Njoo Alhamisi."

Tulikuwa wagonjwa wanne mezani, tukishika orodha ya vitu vya sokoni kichwani, tukipangua na kupanga upya hatua za kupika. Lakini kubwa alilonifundisha ni kujisemea. Useme kwa sauti, hatua moja moja, kabla mkono haujagusa kitu. Sasa nabandika sufuria. Sufuria iko motoni. Sasa namwangalia mtoto. Mtoto hakuwepo, basi nikaweka kigoda chake karibu na mlango, nikawa naangalia kigoda.

Miezi ilipita hivyo. Siku nyingine sauti yangu ndiyo pekee niliyoisikia tangu asubuhi. Sufuria zikaacha kuungua. Jirani wa upande wa pili wa ukuta akamwambia mwenzake, nami nikimsikia, "Kichaa kimemrudia tena, masikini."

Kisha mama mkwe akapiga simu. Angekuja Jumamosi na mtoto, ashinde, ajionee mwenyewe. Akiridhika, mtoto abaki. Nesi alinishauri nimweleze mapema kwa nini najisemea. Nikaona aibu. Nilitaka siku hiyo moja tu nipike kimya kama wanawake wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa wewe! Hizo dawa au unakula peke yako?"

Mtoto alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akaniamkia kama anavyoamkia mgeni, akitazama chini. Nikaenda kubandika michembe. Vile viazi vikavu mtoto alivipenda sana vikiungwa karanga. Nikawa natwanga karanga, mama mkwe anauliza kodi ya chumba, mtoto anaomba maji, na mimi nimefunga mdomo wangu. Mara nikajikuta nimesimama katikati ya chumba na kikombe mkononi. Cha nani? Cha nini? Mtoto haonekani. Mama mkwe ameniacha niendelee kusimama, ananitazama tu.

Nikafungua mdomo.

"Nimeshika kikombe. Kikombe ni cha maji. Maji ameomba mtoto. Mtoto nimemwambia anisubiri bombani."

Nikatoka mbio. Alikuwa bombani, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kimya kama siku ya benchi. Nikamnywesha. Akanishika kidole kurudi ndani.

"Ulikuwa unaongea na nani?" mama mkwe aliuliza.

"Na mimi mwenyewe."

"Ndivyo ulivyoanza."

"Nilivyoanza, mama, nilikuwa nasikiliza. Sasa ninayesema ni mimi."

Nikamweleza yote: nesi, orodha, kigoda. Alisikiliza huku akimfuta mtoto mdomo.

"Na huyu akikua, akasikia mama yake anaongea na sufuria?"

"Atajua sufuria iko motoni."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Tulikula michembe, haikuungua. Kisha akafunga mzigo wake. Alisema mimi sina ubaya, ila amemwona mtoto nje peke yake kwa macho yake. Watakuja tena mwezi ujao.

"Nikijisemea tangu asubuhi, utamwacha?"

"Mwezi ujao, mwanangu."

Ningekuwa nimejisemea tangu alipobisha hodi, mtoto asingefika bombani bila mimi. Nilinyamaza ili nionekane mzima, na kunyamaza ndiko kulikoniponza. Hasira yangu yote iko hapo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Niliwasindikiza stendi. Mtoto alinipungia mkono dirishani, basi likaondoka. Nikarudi kwa miguu kupitia Kanyenye, najisemea kwa sauti kamili. Watu wakageuka. Mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Sikushusha sauti.

"Sasa napita dukani. Hili ndilo benchi. Benchi halina mtu. Mtoto yuko na bibi yake, kwenye basi. Sijamsahau. Sasa naenda nyumbani."