Chumba Kimoja na Ndugu S. Ramadhani

Nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa karibu na Mikumi wilaya iliponiteua kwenda Dodoma, Tabora na Mwanza kujifunza ushirika, pamoja na mjumbe wa Msowero, Ndugu S. Ramadhani. Sikuwa namjua. Kichwa changu kilisoma "Ndugu" kikaona ndevu.

Kupanga safari nilipewa mimi. Treni zilikuwa zinajaa, nami sikutaka chumba cha watu sita na mizigo yao. Nikamwandikia mkuu wa stesheni ya Kilosa kuomba vitanda hadi Mwanza, na ili asikatae, nikatia chumvi. Majibu hayakuja.

Siku ya safari nilifika kwenye dirisha la tiketi Kilosa roho juu. Nyuma yangu wakasimama wazazi wa Zuhura, binti niliyekuwa nimemposa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama Zuhura akajifunika kanga usoni, maana mimi ni mkwe.

"Namsindikiza mama yako," baba akasema. "Ametumwa na wilaya."

Jina lake sikuwahi kulijua. Nani anamuuliza mama mkwe jina?

Mkuu wa stesheni akaitoa barua yangu, akaisoma polepole, foleni nzima ikisikia: "Naomba chumba cha vitanda viwili tu, kwa kuwa mimi na Ndugu S. Ramadhani tumezoea kulala pamoja."

Akainua macho. "Huyo Ndugu S. Ramadhani yupo?"

Nyuma yangu mkono ukatoka ndani ya kanga.