Alama Zinazochacha

Shule niliacha darasa la tatu, na sioni haya kuandika hivyo. Yadi ya mbao niliyo nayo hapa Nyeri, karibu na Majengo, niliianza na msumeno wa kuazima. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo fulani ni gumu kwa akili yangu, namwambia alilete tulipasue, tuone ndani kuna nini. Habari za gofu na Olimpiki nilizipasua hivyo hivyo. Sikuwa na hiari, maana kitinda mimba wangu, msichana, alikuwa anaishi kwa huo mchezo.

Aliuanza hapa hapa mjini. Watu wa uwanja wa gofu waliniita kuondoa misaiprasi iliyoangushwa na upepo, nami nikawa naenda naye wakati wa likizo. Mimi napasua magogo, yeye anawasumbua makedi, wale wabebaji wa fimbo za wachezaji, wamwonyeshe kuzishika. Nilipokuja kugeuka alikuwa amemaliza sekondari, anashinda watu wazima, na anaitwa kucheza nchi za nje.

Watu wengi huku hawajui mtu anaingiaje Olimpiki kwa gofu, wacha nieleze. Hakuna siku moja ya mchujo, eti mpige na mshindi apande ndege. Kuna orodha ya dunia. Kila shindano linakupa alama kulingana na ukubwa wake na ulivyocheza, halafu alama zote zinagawanywa kwa mashindano uliyoingia. Siku iliyopangwa ikifika, orodha inafungwa, na wanachukuliwa wanawake sitini. Lakini si wale sitini wa juu duniani. Nchi yenye mabingwa wengi hairuhusiwi kuwaleta wote. Ni kama ukoo mkubwa kwenye baraza: hata mjae uwanja, wawili tu ndio watakaosimama kusema, labda wenu wawe vigogo kabisa ndipo mnaongezewa. Basi wale wanaozidi wanarukwa, na mtu wa mbali kama binti yangu anasogea juu.

Alisogea hivyo mpaka akaingia ndani ya sitini, na bado ilikuwa miezi kabla ya orodha kufungwa. Nyumbani tukafanya kile watu wa huku hufanya kitu kikipatikana. Kwetu jina likishaandikwa limeandikwa. Shamba likishapata hati, nani atakuja kulichukua? Tukatoa shukrani kanisani, akina mama wakaimba, pasta akamsimamisha mbele ya watu akamwita mwana-Olimpiki. Na kwa kuwa alikuwa na mchumba, kijana mpole wa Timau, tukasema sasa apumzike, akae nyumbani, wazee wakutane. Tukapanga siku ya ruracio, siku ya upande wa kijana kuleta mahari. Kila mtu alikuwa ameridhika, hata yeye niliona ananenepa kidogo.

Jumatatu moja nikamkuta yadini, amekaa juu ya rundo la mbao, anatazama simu.

"Nimeshuka," akasema.

"Umeshukaje na hujacheza?"

"Ndiyo sababu, Baba. Alama zikikaa zinapungua. Zile za mwaka jana zimeanza kuisha."

"Nani anazichukua?"

"Hakuna mtu anachukua. Zinachacha tu, kama maziwa."

Hapo nikaelewa mara moja, maana maziwa nayajua.

"Kwa hiyo wewe umekaa na mtungi hapa, na wenzako wanakama."

"Ehe."

"Na mbona hukusema siku ile ya kanisa?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnaimba."

Alikuwa na nafasi moja iliyobaki, shindano la ng'ambo la wiki ya mwisho kabla ya orodha kufungwa. Na huko si kufika tu. Siku ya pili ikiisha, karibu nusu ya wachezaji wanarudishwa nyumbani bila alama hata moja. Asipovuka hapo, Olimpiki imekwenda. Na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa tumewapa watu wa Timau.

Mtu atauliza kwa nini ruracio isiendelee bila yeye. Kwetu haiendelei. Kinywaji kikiletwa, baba anamshika msichana mbele ya watu wote, anamwuliza, je, nikinywe? Akijibu kunywa, ndoa ipo. Baba akinywa msichana hayuko, amekunywa cha wizi. Mimi sijawahi kuiba.

Nikaamua kwenda Timau mwenyewe. Sasa, baba wa msichana haendi kuomba kwa upande wa kijana. Wao ndio wanaokuja kwangu na kofia mkononi. Mke wangu alinitazama nikipaka viatu rangi, akasema, "Leo mbuzi inafuata chui nyumbani."

"Wewe nipe koti," nikamwambia.

Muthoni wangu, yaani mkwe, baba wa kijana, analima ngano, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita ndugu zake wawili waje wasikie pia.

"Rudia, muthoni. Ati mpira inatoshana na yai?"

"Ndogo kuliko yai."

"Mpira ndogo kuliko yai ndiyo inasongesha siku ya wazee?"

"Ndiyo hiyo."

Ndugu zake walicheka mpaka mmoja akaweka kikombe chini. Yeye hakucheka.

"Na hizi mbuzi je? Nimezitoa Doldol. Ziko hapo nyuma, zinakula kwangu kila siku. Zikikonda?"

"Zilete zikiwa zimekonda. Nitahesabu pembe."

"Na huyo msichana akienda huko abadilishe roho?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kweli, na nililiheshimu. Nikamjibu, "Msichana wa kubadilisha roho ataibadilisha hata akiwa jikoni kwangu. Lakini huyu ukimzuia wiki hii, atakuja kwako na kinyongo. Na wewe ndiye utakaa nacho hapa Timau. Mimi nitakuwa Nyeri nauza mbao."

Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nilishamwambia aende."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ile aliposhuka."

"Kumbe sisi wazee tunazungushwa tu," akasema, na hapo ndipo alipocheka. Siku ikasogezwa mpaka baada ya orodha kufungwa. Alinitoza faini ya kondoo dume mnono kwa kuvunja siku ya wazee, nami nikakubali bila kubishana. Mtu akivunja siku anatoa kondoo.

Msichana akaenda. Mchezo wenyewe hatukuuona, tulikuwa tunangoja simu tu. Siku ya pili sikula chakula cha mchana, nikasingizia jino. Jioni mama yake akanijia yadini, simu bado iko sikioni, akaniambia amevuka kwa pigo moja. Pigo moja tu, la ule mpira mdogo kuliko yai. Bado zilibaki siku mbili za kucheza, kisha kungoja hesabu za wengine, ambao nao walikuwa wanakama kwa nguvu.

Jumatatu akanipigia nikiwa na mteja anayechagua boriti za paa.

"Baba, orodha imefungwa."

"Sema."

"Niko ndani. Wa pili kutoka mwisho."

"Mlango ukishafungwa, aliye mlangoni na aliye kando ya moto wote wako ndani. Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Nikarudi kwa yule mteja. Nadhani uso wangu ulikuwa umenisaliti, maana aliacha boriti akaniangalia.

"Mzee, leo uko na habari njema."

"Msichana yangu anaenda Olimpiki."

"Kukimbia?"

"La. Kutembea. Anatembea, anapiga, halafu anatembea tena."

Alifikiri kidogo, akaniuliza kama kwa hiyo furaha nitampunguzia bei. Nikamwambia furaha ni yangu, boriti ni za biashara.