Kipimo Nilichokitundika Nje

Watoto sita nimewalea kwa jiko la makaa, na hakuna niliyemzika. Neno hilo nililitanguliza kwa kila mtu, hata kwa muuguzi wa zahanati alipotuletea hita ya umeme. Msimu ule wa baridi kila nyumba yenye mtoto mgonjwa wa kifua ilipewa moja. Yetu ilikuja kwa ajili ya mjukuu wangu, binti wa miaka minne tuliyembandika jina la Kinanda kwa jinsi kifua chake kilivyolia filimbi.

Muuguzi alitundika ukutani kipimo cha moshi, kisanduku cheupe kama cha sabuni. Akasema kikae pale wiki mbili, na jiko lisiingie ndani tena. Mke wa mwanangu akaitikia kwa niaba yetu sote. Muuguzi mwenyewe msichana niliyemwona akivuja kamasi, leo anifundishe kuota moto nyumbani kwangu?

Mkamwana wangu ni mshonaji kiwandani, huondoka asubuhi. Akishapinda kona tu, nilikuwa nakishusha kile kisanduku, nakitundika nje chini ya paa. Kisha naingiza jiko, nafunga mlango, tunaota mimi na Kinanda. Joto la hita niliona ni kama salamu ya mtu aliyenuna. Saa tisa natoa jiko, nafungua madirisha, kisanduku kinarudi msumarini. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki mbili zilipokwisha, muuguzi akasoma kipimo na kutangaza mbele ya kina mama waliojaa kwenye benchi la zahanati kwamba hewa ya nyumba ya bibi huyu ni safi kuliko hata ya pale. Wakanipigia makofi. Mmoja akaniuliza nimewezaje kuacha jiko, nami, Mungu anisamehe, nikamweleza kana kwamba nimeliacha kweli.

Filimbi haikukoma. Kwa kuwa moshi ulishatolewa kwenye hesabu, wakaanza kutafuta kwingine. Mtoto akatolewa damu mara tatu, akapigwa picha ya kifua. Mwishowe daktari akamgeukia mkamwana, akamuuliza kama harudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye nguo zake. Yule mwanamke akatazama viganja vyake. Akasema basi, kazi ataiacha. Kazi aliyoihangaikia miaka, iliyotulisha sote. Na daktari alishashika kalamu aandike dawa kali za miezi sita.

"Usiandike, daktari," nikasema. "Moshi upo. Ni wa kwangu."

Alidhani uzee umenichanganya. Ikabidi nieleze yote, tangu msumari hadi saa tisa, na muuguzi amesimama pale mlangoni anasikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkamwana hakupandisha sauti. "Mama, walipomtoa damu mara ya tatu, si wewe ndiye uliyemshika mkono?"

"Ni mimi."

Akamchukua mtoto, akatoka.

Muuguzi alirudia kupima mtaa mzima, maana nyumba yangu, yenye hewa safi na mtoto mgonjwa, ilikuwa imeharibu hesabu za nyumba zote. Wenzangu walikuwa wameacha jiko kweli, na watoto wao walianza kupungua kwenye lile benchi. Mkamwana aliendelea na kazi, ila mtoto akawa anashinda kwa mke wa fundi viatu, jirani yetu. Nilibaki na hita yangu, namsikia Kinanda akicheka upande wa pili wa ukuta.

Wiki ya nne kifua kilinyamaza. Mkamwana alikuja kuniambia asubuhi, kasimama mlangoni, viatu vya kazi miguuni, mtoto mgongoni. Nikasema nimefurahi. Hakuondoka. Nadhani alikuwa anangoja niseme nipe mjukuu wangu, na nadhani angenipa. Mimi mwenye mdomo mtaa mzima, ulimi ukanilalia. Alingoja kidogo tena, kisha akampeleka kwa jirani.