Vipande Vinne Nilivyomwachia Nyapara

Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Kwetu Mlali walinicheka. "Mchunga mbuzi huyu apate cheti? Labda mbuzi wake wamwandikie." Leo cheti ninacho, cha shule ya serikali ya pwani, na mimi ni karani hapa Dodoma. Nimejitengeneza mwenyewe, nalisema bila haya. Haya ninayo kwa namna nilivyopata nauli ya kwenda kusoma.

Tulikuwa vijana watano tukijenga tuta la reli. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi. Ukifanya kazi siku moja kinatiwa alama, zikitimia thelathini unalipwa. Zetu zilitimia. Mkandarasi akatwambia kesho, kesho, mpaka mwezi ukaisha.

Wenzangu wakanipa vipande vyao nikadai bomani, maana mimi ndiye niliyejua kusoma kidogo. Rafiki yangu Ndahani akatoa chake mwisho. "Msomi, usikipoteze. Humo mna mtama wa mama yangu." Akacheka.

Njiani nyapara wa mkandarasi akanizuia. "Sikiliza, kijana. Chako nakulipa sasa hivi, na nyongeza juu. Hivyo vinne niachie."

Nikamwachia. Wenzangu nikawaambia nimenyang'anywa.

Ndahani akaenda bomani mikono mitupu. Bila kipande alionekana mwongo, akachapwa viboko. Nilikuwa pale pale uwanjani, rupia za nyapara zimefungwa kiunoni, nikanyamaza. Baadaye akafuata reli kwenda magharibi. Hajaonekana tena.

Sasa vibarua huniletea vipande nivipige mhuri. Kila kimoja nakitazama jina, labda ni lake. Mchana kweupe namsikia akicheka nyuma yangu. Nikigeuka, ni ukuta.

Mwezi uliopita nilikwenda Mlali. Wale watatu niliwaambia ukweli, nikawalipa. Mmoja alitema mate kwanza, ndipo akapokea. Kisha nikaenda kwa mama yake Ndahani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaweka rupia mkekani, nikaeleza yote. Akasema, "Aliporudi bila kitu nilimwambia ameinywa pesa yake. Akaapa, sikumwamini. Nikamfukuza mimi. Sasa nitamwambia wapi kwamba namwamini?"

Wewe uliyekabidhiwa haki ya wenzako, ifikishe, hata kama yako itapotea. Usidhani utakuja kuilipa baadaye. Mimi siku ile nilimlipa kila aliyenidai, na nilipotoka kwa mama yule rupia zake zilikuwa bado mkekani, hakuna aliyezigusa.